Gari la spoti kwa bajeti ndogo: Mnunuzi atazame kwanza ndugu wa injini

SOKO LA MAGARI YALIYOTUMIKA
Nyegezi, Mwanza

MFANYABIASHARA mwenye Sh. milioni 25 anaweza kuagiza gari la spoti la milango miwili kutoka Japani, akalilipia ushuru, akalifikisha Nyegezi na bado akabakiwa na akiba ya matengenezo. Mwenzake mwenye kiasi hicho hicho anaweza kununua gari linalovutia zaidi kwa macho, kisha likalala gereji miezi mitatu likisubiri kifaa kimoja kutoka ng'ambo. Wote wawili wametoa fedha sawa. Kilichowatenganisha ni injini waliyoichagua.

Umbo ndilo linalouza gari la spoti. Bodi fupi, paa la chini na mlio wa eksozi humfanya mnunuzi asahau kuuliza swali ambalo angeliuliza kwanza kama angekuwa ananunua gari la mzigo: spea zake zinapatikana wapi, na nani mjini anaijua injini hii? Kwa mwenye bajeti ndogo, gari la spoti lililo nafuu ni lile ambalo injini yake ina ndugu wengi barabarani, yaani injini hiyo hiyo imefungwa pia kwenye magari ya kawaida ya familia na ya kazi. Gari la namna hiyo fundi analijua, spea zake za mtumba zipo, na siku ya kuliuza mnunuzi haogopi.

Tangu mwaka 1984, Serikali ilipoanza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na hasa baada ya milango ya biashara kufunguliwa zaidi miaka ya 1990, gari lililotumika limekuwa bidhaa ya kawaida sokoni. Hata hivyo soko la Mwanza ni soko la magari ya kazi. IST, Probox, Noah na Hiace hununuliwa na kuuzwa kwa haraka kwa sababu kila mtu anajua bei yake na kila fundi anajua ugonjwa wake. Gari la spoti huingia katika soko hilo kama mgeni, na mgeni huhitaji ndugu wa kumpokea.

KWA NINI JAPANI WANAUZA RAHISI

Sheria ya Japani humtaka mwenye gari dogo la binafsi alipeleke kwenye ukaguzi rasmi baada ya miaka 3 ya kwanza, na kila baada ya miaka 2 tangu hapo. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Aidha, kodi ya mwaka ya gari la petroli huongezwa gari likipita miaka 13. Mwenye gari la viti viwili analoliendesha Jumapili tu hupiga hesabu na kuona heri alipeleke mnadani. Hapo ndipo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapopata nafasi yake.

Nafasi hiyo lakini si ya kila gari. Toyota Supra ya miaka ya 1990, Nissan Skyline GT-R na Mazda RX-7 zimepanda bei sana, kwa sababu sheria ya Marekani huruhusu gari la kigeni lililofikisha miaka 25 kuingizwa huko bila masharti ya kawaida ya usalama, na matajiri wa huko wanayanunua kama vitu vya kumbukumbu. Mnunuzi mwenye bajeti ndogo anayeoneshwa Supra ya bei poa anapaswa kujiuliza kuna nini ndani yake. Ni afadhali atazame magari ambayo Wamarekani hawayagombei.

HESABU YA USHURU

Bei ya mnadani ni mwanzo tu wa gharama. Gari likifika bandarini Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hulikadiria kwa mfumo wake wa thamani ya magari yaliyotumika. Ankara ya muuzaji si lazima ikubaliwe kama ilivyo. Mfumo huo wa kukadiria uko wazi kwa umma, na mnunuzi makini huingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini kabla hajatuma hata senti moja ng'ambo.

Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikivitangaza miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Juu yake huja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi cc 2,000. Kisha kuna ushuru wa uchakavu kwa magari yasiyo ya kazi: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho huja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya hayo yote. Zipo pia tozo nyingine ndogo ndogo. Sheria ya Fedha hufanya mabadiliko kila mwaka ifikapo Julai, hivyo viwango vihakikishwe siku ya kununua.

Tuchukue mfano wa gari la zaidi ya miaka 10, injini ya cc 1,800, ambalo TRA imelikadiria kuwa na thamani ya Sh. 10,000,000 likiwa bandarini:

Ushuru wa forodha: Sh. 2,500,000
Ushuru wa bidhaa, asilimia 5: Sh. 625,000
Ushuru wa uchakavu, asilimia 30: Sh. 3,750,000
VAT: Sh. 3,037,500
Jumla ya kodi: Sh. 9,912,500

Kwa maneno mengine, kodi inakaribia kulingana na gari lenyewe. Gari la Sh. milioni 10 limekuwa la Sh. 19,912,500 kabla ya malipo ya bandari, wakala wa forodha, usajili, bima na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Lingekuwa na umri chini ya miaka 8, kodi ingekuwa Sh. 5,487,500. Uchakavu peke yake, pamoja na VAT inayoufuata, umegharimu Sh. 4,425,000. Lingekuwa na injini ya zaidi ya cc 2,000, kodi ingepanda hadi Sh. 10,650,000.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza, gari la miaka 12 na la miaka 20 hutozwa asilimia ile ile ya uchakavu. Mnunuzi asiongeze fedha nyingi kwa ajili ya miaka miwili mitatu ya upya, kwani haitampunguzia ushuru. Fedha hizo azielekeze kwenye hali ya gari. La pili, cc huonekana kwenye kodi mara moja, lakini huonekana kwenye kituo cha mafuta kila wiki. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta. Tangu hapo anayeendesha injini kubwa huilipa kidogo kidogo kila anapojaza tangi, na bei kikomo za EWURA kwa Mwanza huwa juu kuliko za Dar es Salaam kutokana na usafirishaji.

MAGARI YENYE NDUGU

Toyota Celica ya mwisho, iliyotengenezwa mwaka 1999 hadi 2006, ni mfano mzuri. Aina ya SS-I ina injini ya 1ZZ-FE ya cc 1,794. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za cc 1,800 za miaka hiyo. Plagi, koili, pampu ya maji na hata injini nzima ya mtumba hutafutwa pale pale zinapotafutwa za Premio. Aina ya SS-II ina injini ya 2ZZ-GE, yenye nguvu zaidi lakini yenye ndugu wachache. Kwa macho magari hayo yanafanana sana, hivyo mnunuzi asome nambari ya aina ya injini kwenye kibati kilichopo chini ya boneti.

Toyota MR-S ya mwaka 1999 hadi 2007 ndiyo inayokaribia zaidi gari la kifahari la Ulaya kwa bei ndogo. Ina viti viwili, paa la kitambaa linalofunguka, na injini imekaa nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma, kama Ferrari nyingi zilivyo. Injini yenyewe ni ile ile 1ZZ-FE ya Premio. Upungufu wake ni mahali pa kuweka mizigo: hapana. Mwenye duka hatabeba hata katoni ya sabuni. Zipo pia zenye gia zinazobadilishwa kwa mitambo bila pedali ya klachi. Mfumo huo ni adimu hapa nchini, na ni busara kuchagua ile ya gia za kawaida.

Toyota Altezza, iliyoshinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998-1999, ina milango minne na buti la kweli. Aina ya AS200 ina injini ya silinda sita, 1G-FE, iliyotumika pia kwenye Mark II, Chaser, Cresta na Crown za cc 2,000. Hiyo ni injini ambayo mafundi wengi wamekwisha kuifungua. Aina ya RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, yenye kasi zaidi. Hapa pana mtego. Muuzaji atasema ni "3S, kama ya Noah", lakini Noah ya zamani ina 3S-FE, na silinda hedi ya Altezza RS200 ni tofauti kabisa. Huo ni udugu wa jina tu.

Subaru Impreza WRX ina injini ya EJ20 yenye turbo, na ndugu zake ni Forester na Legacy za turbo. Huvuta kwa magurudumu yote manne, jambo lenye faida kwenye vilima vya Mwanza wakati wa mvua. Hatari yake ni mwenye gari wa kwanza. WRX nyingi zimeongezwa nguvu kuliko zilivyotoka kiwandani, na injini iliyosukumwa namna hiyo huchoka kabla ya wakati. WRX ambayo haijaguswa, hata kama imechubuka rangi, ni bora kuliko iliyopambwa.

Nissan Fairlady Z ya mwaka 2002 hadi 2006 ina injini ya VQ35DE ya cc 3,498, ndugu wa Murano na Elgrand za cc 3,500. Spea za injini si tatizo kubwa, lakini ushuru wa asilimia 10 na mafuta vinamhusu mwenye kipato cha uhakika. Mercedes SLK ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ina paa la chuma linalojikunja lenyewe, na injini zake za silinda nne zenye kompresa zina ndugu kwenye Mercedes za C-Class. Paa hilo huendeshwa kwa mafuta ya haidroliki. Likikataa kufunga msimu wa mvua, mwenye gari hana la kufanya ila kuliegesha.

Hata viwanda vya kifahari hupiga hesabu hii. Lotus ya Uingereza, ilipohitaji injini ya kutegemewa kwa gari lake la Elise, ilichukua 2ZZ-GE ya Toyota, na baadaye pia 1ZZ-FE. Lotus Evora ya mwaka 2009 ilitoka na injini ya Toyota ya V6 ya cc 3,500, aina ya 2GR-FE, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Alphard na Vanguard za cc 3,500. Kama kiwanda cha magari ya mashindano kiliona haya si aibu, mfanyabiashara wa Nyegezi hana sababu ya kuona haya.

MAGARI YASIYO NA NDUGU

Mazda RX-8 huwavutia wengi kwa sababu bei yake mnadani ni ndogo na injini yake imeandikwa cc 1,308, hivyo ushuru wa bidhaa ni wa asilimia 5. Injini hiyo haina pistoni za kawaida. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na huchoma oili kwa makusudi, kwa kuwa oili hiyo hulainisha vizuizi vya pembeni mwa rota. Asiyeijaza oili mara kwa mara huiua. Vizuizi vikichakaa, kompresheni hushuka, na dalili yake kubwa ni gari kukataa kuwaka likiwa la moto. Hakuna gari la kawaida linalotumia injini hiyo, na RX-8 ilikoma kutengenezwa mwaka 2012.

Porsche Boxster ya kwanza, ya mwaka 1996 hadi 2004, nayo bei yake imeshuka hadi kufikika. Ndani ya injini yake mna beringi ya shafti ya kati ambayo ikivunjika huweza kuharibu injini nzima. Kuibadilisha mapema kunawezekana, lakini kunahitaji zana na fundi aliyezoea. Mnunuzi asiye na fundi wa namna hiyo mjini anachukua hatari ambayo bei ndogo haiwezi kuifidia.

Ikumbukwe pia kwamba udugu wa injini hauvuki kwenye bodi. Taa, vioo, bampa na milango ya Celica havifanani na vya Premio. Ndiyo maana gari lililochoka injini kidogo lakini lenye bodi kamili linaweza kuwa na nafuu kuliko lenye injini nzuri na taa moja iliyopasuka.

BARABARA YENYEWE

Magari mengi yanayoendeshwa kutoka bandarini huingia jijini kwa barabara ya kusini, kupitia Misungwi, Usagara, Buhongwa na Mkolani hadi Nyegezi. Kwenye lami hiyo gari la spoti halina shida. Shida huanza linapoiacha lami. Mwanza ni jiji la miamba, na nyumba nyingi zimejengwa ubavuni mwa vilima, zikifikiwa kwa njia za changarawe zenye mawe na makorongo. Gari la chini hugonga sampo ya oili, bomba la eksozi na bampa la mbele.

Mnunuzi anashauriwa apime kwa futi kamba urefu wa tuta lililo kubwa kuliko yote kati ya nyumbani na dukani, na kimo cha jiwe lililo baya kuliko yote langoni pake, kisha alinganishe na nafasi iliyo chini ya gari. Gari lililoshushwa springi na mwenyewe wa kwanza lirudishiwe springi za kiwandani, au liachwe. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba nazo hupasuka haraka kwenye mashimo. Rimu ndogo yenye tairi nene hupunguza sifa, lakini huokoa fedha.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Kwa anayeagiza, hati muhimu ni karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la wastani, na herufi R au RA huonesha gari lililopata ajali na kutengenezwa. Mchoro wa gari ulio kwenye karatasi huwa na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama za S zikiwa nyingi sehemu za chini, huenda gari limetoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Muuzaji anayekataa kutoa karatasi hiyo amekwisha kutoa jibu.

Kwa gari lililokwisha kuingia nchini, mnunuzi aanze asubuhi injini ikiwa baridi. Boneti ikiwa na joto, muuzaji ameliwasha mapema kuficha jambo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, hadi karibu mwaka 2002, zilijulikana kwa kula oili. Kwa MR-S, masega madogo yaliyo karibu na injini yanaweza kumeguka na vumbi lake likarudi ndani na kuikwangua injini, hivyo fundi ayakague kwanza. Injini za 1G-FE, 3S-GE na EJ20 hutumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Pasipo uthibitisho kwamba umebadilishwa, gharama yake ipunguzwe kwenye bei.

Baada ya hapo gari lipandishwe kilima. Klachi inayoteleza, gia inayoruka na joto linalopanda hujionyesha kwenye mlima kabla ya kujionyesha kwenye lami tambarare.

KADI, NAMBA NA MADENI

Madalali hupenda kutaja herufi ya namba, kwamba gari ni "namba D" au "namba E". Herufi hiyo huonesha tu wakati gari liliposajiliwa nchini. Gari la mwaka 2001 laweza kuwa na namba mpya kabisa. Mwaka wa kutengenezwa utazamwe kwenye kadi ya gari, na nambari ya chasisi iliyo kwenye kadi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye bodi. Nambari ya injini nayo ilinganishwe, kwani magari ya spoti hubadilishwa injini mara kwa mara, na mabadiliko hayo hupaswa kuripotiwa TRA.

Faini za usalama barabarani ziangaliwe kwa namba ya gari kabla ya malipo. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwanasheria, na umiliki uhamishwe mara moja. Anayeendelea kuendesha gari lenye jina la mtu mwingine hana usingizi siku mwenye jina atakapodaiwa. Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu ndiyo inayolazimishwa na sheria, lakini haimlipi mwenye gari bodi yake ikiharibika. Kwa gari ambalo taa moja huagizwa kutoka Japani, bima kubwa ni sehemu ya bei.

SIKU YA KUUZA

Hapa ndipo wengi hupata hasara. IST ikitangazwa asubuhi hupata wateja wengi. Gari la spoti husubiri mteja mmoja, na mteja huyo anajua kwamba muuzaji hana wengine.

Soko la nje nalo ni finyu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, ilhali gari la Japani lina usukani wa kulia uliokusudiwa kwa barabara za kushoto. Mwanza iko karibu na nchi zote hizo, lakini gari la zamani la spoti likishalipiwa ushuru Dar es Salaam, wateja wake wengi wako Tanzania. Mwenye gari lenye injini ya Premio anaweza, kwa shida, kumshawishi mnunuzi wa kawaida. Mwenye injini isiyo na ndugu atabaki nalo, au atauza vipande.

KUGAWA BAJETI

Kwa mwenye Sh. milioni 25, kikomo cha salama ni gari ambalo TRA inalikadiria karibu Sh. milioni 9. Kwa hesabu ile ile ya injini isiyozidi cc 2,000, kodi itakuwa Sh. 8,921,250 na jumla Sh. 17,921,250. Hubaki Sh. 7,078,750 kwa bandari, wakala, usajili, bima na safari, na kinachosalia kiwekwe kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza: mkanda, tairi, shokapu, bushi na oili. Anayemaliza fedha zote bandarini amenunua gari la kuegesha.

Mnunuzi aulize pia fedha hizo zimetoka wapi. Zikiwa ni faida iliyokwisha kutolewa kwenye biashara, gari la spoti lililochaguliwa kwa injini yake ni starehe isiyomfilisi mtu. Zikiwa ni za kununulia dagaa, pamba au bidhaa za dukani, hakuna injini, hata yenye ndugu wengi kiasi gani, itakayozirudisha kwa wakati msimu utakapofunguliwa.